Kurtuba: Tarehe ya Mji wa Nguzo

Ukiwauliza wenyeji wa Córdoba, kusini mwa Uhispania, njia ya kwenda kwenye kanisa lao kuu, watakutajia neno moja: Mezquita. Maana yake ni msikiti. Limetoka katika mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa sisi neno letu, nao hawajaliacha, ingawa jengo hilo limekuwa kanisa tangu mwaka 1236. Wafalme wamepita, mipaka imehama, dini ya mji imegeuka, na jina lingali midomoni mwa watu.

Waarabu waliuita mji huo Qurtuba. Sisi tutauita Kurtuba, na hii ndiyo tarehe yake kwa ufupi, kama inavyosomeka katika mawe yake.

Mto na daraja

Kabla ya msikiti na kabla ya kanisa, palikuwa na mto. Waarabu waliuita al-Wadi al-Kabir, yaani bonde kubwa la maji, na Wahispania hadi leo huuita Guadalquivir. Hushuka kutoka milima ya mashariki, ukapita Kurtuba na Sevilla, ukamwagika katika bahari ya Atlantiki. Warumi walifika hapo katika karne ya pili kabla ya Kristo, wakajenga mji wa Corduba, ukawa makao makuu ya jimbo lao la Baetica. Jimbo lile liliilisha Roma mafuta ya zeituni. Mwanafalsafa Seneca alizaliwa hapo.

Daraja la Warumi bado lipo. Lina matao 16, na limetengenezwa upya mara nyingi hata mawe ya asili yamebaki machache, lakini watu wanavuka palepale walipovuka wa kale. Tangu mwaka 2004 magari hayapiti tena juu yake. Ni la waendao kwa miguu. Mgeni akiingia mjini kwa daraja hilo asubuhi, huuona ukuta wa msikiti ukiwa mbele yake ng'ambo ya pili, na juu ya ukuta paa la kanisa limechomoza katikati kama jahazi lililokwama juu ya fungu. Picha hiyo peke yake ni muhtasari wa tarehe yote.

Mtoro wa Sham

Mwaka 711 Tariq bin Ziyad alivuka mlango wa bahari kutoka Maghribi na jeshi ambalo wengi wake walikuwa Waberberi. Jabali aliloshukia likaitwa kwa jina lake, Jabal Tariq, ndilo Gibraltar ya leo. Mwaka huohuo Kurtuba ikaingia mikononi mwa Waislamu, na baada ya miaka michache ikawa makao ya magavana wa Andalusi, yaani Uhispania ya Waislamu.

Mwaka 750 Bani Abbas waliipindua dola ya Bani Umayya huko Sham, wakawasaka wana wa nasaba hiyo na kuwaua. Kijana mmoja, Abdulrahman bin Muawiya, aliokoka. Wanahistoria wa Kiarabu wanasimulia kwamba aliuvuka mto Furati kwa kuogelea, na mdogo wake, aliyerudi nyuma kwa kuahidiwa usalama, akauawa mbele ya macho yake. Abdulrahman akatangatanga Afrika ya Kaskazini kwa miaka, akijificha kwa jamaa za mama yake waliokuwa Waberberi. Mwaka 755 akatua pwani ya Andalusi; mwaka 756 akamshinda gavana karibu na Kurtuba, akawa amiri. Akatawala miaka 32. Wakamwita al-Dakhil, yaani Mwingiaji.

Mtoro huyu hakuisahau nchi yake. Nje ya mji alijenga kasri na bustani, akaiita Rusafa kwa jina la kasri la babu yake huko Sham, akapanda humo miti ya kwao. Mtende mmoja wa bustani hiyo aliutungia shairi, kwa kuwa wote wawili walikuwa wageni katika nchi ya magharibi. Na mwaka 785 au 786 akaanza kujenga msikiti.

Nguzo za watu wengine

Hapa inafaa tusimame, maana mafundi wa Abdulrahman walikutana na shida, na namna walivyoitatua ndiyo inayowaleta wageni mpaka leo.

Walitaka ukumbi mpana wenye paa la juu. Nguzo walizokuwa nazo zilikuwa kuukuu, zilizotolewa katika majengo ya Warumi na ya Wavisigothi walioutawala mji kabla ya Waislamu. Moja ilikuwa ya marumaru nyeupe, nyingine ya mawe ya rangi. Hii nyembamba, ile nene. Zote zilikuwa fupi kwa kazi iliyotakiwa. Zile ndefu wakazizamisha sakafuni, zile fupi wakaziinua kwa vitako. Kisha juu ya kila nguzo wakasimamisha nguzo ya pili ya mawe, wakafunga matao mawili, moja juu ya jingine: la chini linazishika nguzo zisiyumbe, la juu linabeba paa. Katikati ya matao hayo pako wazi, kwa hiyo hewa na mwanga hupita. Kila tao wakalijenga kwa kupokezana jiwe jeupe na matofali mekundu. Huenda waliliona wazo hilo katika mifereji ya maji ya Warumi, kama ile ya Mérida, iliyojengwa kwa matao ya tabaka na kwa mawe na matofali yaliyopokezana.

Ukiingia, macho yanahitaji muda kuzoea kiza. Kisha nguzo zinaanza kujitokeza, safu nyuma ya safu, kama minazi ya shamba la zamani. Ukisogea hatua moja, safu zote zinajipanga upya. Ukizitazama kwa karibu utaona kwamba vichwa vya nguzo havifanani. Kimoja kimechongwa majani yaliyochambuliwa moja moja na fundi wa Kirumi. Jirani yake kimechongwa kwa mkono mzito wa fundi wa baadaye. Hakuna aliyejaribu kuzificha tofauti hizo. Nguzo za mahekalu na makanisa ziliingia msikitini na nyuso zao zilezile.

Jambo jingine limewashughulisha wataalamu kwa muda mrefu. Kibla cha msikiti huu kinaelekea kusini zaidi kuliko Makka ilivyo, maana kutoka Kurtuba Makka iko mashariki na kusini kidogo. Wako wanaosema mafundi walifuata mpango wa barabara za Warumi. Wengine wanasema Abdulrahman alifuata desturi ya misikiti ya Sham, ambako kibla ni kusini. Sala ziliswaliwa hivyo kwa miaka 450.

Waliokuja baadaye

Hisham mwana wa Abdulrahman alipotawala, aliumaliza msikiti wa baba yake, akaujengea mnara. Kisha Abdulrahman wa pili akaurefusha upande wa kibla. Zama zake, mwaka 822, aliingia Andalusi mwanamuziki Ziryab kutoka Iraki, na Kurtuba ikajifunza kwake nyimbo, mavazi na adabu za meza.

Abdulrahman wa tatu alitawala tangu 912, akakaa miaka 49. Mwaka 929 aliacha kuitwa amiri, akajitangaza khalifa, sawa na wale wa Baghdad na wa Mahdia, Afrika ya Kaskazini. Alijenga mnara mpya wa msikiti mwaka 951. Karibu mwaka 936 alikwisha kuanza mji mzima wa serikali, kilomita 8 hivi magharibi ya Kurtuba, chini ya mlima, akauita Madinat al-Zahra. Ulijengwa kwa madaraja matatu yaliyoshuka kufuata mteremko: kasri juu, mabustani kati, watu na msikiti chini. Mabalozi wa wafalme walipokewa humo katika ukumbi wa marumaru zilizochongwa kama kazi ya sindano.

Mwanawe al-Hakam wa pili, aliyetawala 961 hadi 976, alipenda vitabu kuliko vita. Wanahistoria wa zamani wanaitaja maktaba yake kuwa ya vitabu 400,000, na orodha yake peke yake majuzuu 44. Huyu ndiye aliyejenga mihrabu ambayo mgeni huiona leo. Mafundi wake walihitaji nakshi za vipande vidogo vya kioo na dhahabu, ufundi uliokuwa wa Warumi wa Constantinople. Khalifa akampelekea ujumbe mfalme wao wa Kikristo, naye akamtumia fundi pamoja na shehena ya vipande hivyo. Inasimuliwa kwamba al-Hakam aliwapa watumwa wake wajifunze kwa fundi yule, wakajua kazi hata wakampita, naye akaenda zake wakaendelea wenyewe. Mihrabu ile si kishubaka ukutani. Ni chumba kidogo chenye pande nane, na dari yake ni kombe moja kubwa lililochongwa.

Wa mwisho kupanua alikuwa al-Mansur, waziri aliyeishika dola kwa jina la khalifa mtoto. Mwaka 987 aliongeza safu nane za matao upande wa mashariki, kwa kuwa upande wa kusini mto ulikwisha kuwa karibu. Mwaka 997 aliuvamia mji mtakatifu wa Wakristo wa kaskazini, Santiago de Compostela, akachukua kengele za kanisa. Mateka Wakristo wakazibeba mabegani mpaka Kurtuba, zikatundikwa msikitini zikawa taa. Msomaji aikumbuke habari hii ya kengele. Tutaikuta tena mbele.

Kalamu za Kurtuba

Mji huu uliishi kwa ngozi, fedha na hariri. Ngozi yake laini ya mbuzi ilijulikana Ulaya yote, na Wahispania mpaka sasa huiita cordobán. Lakini mali yake iliyokwenda mbali zaidi ni elimu.

Tabibu al-Zahrawi, aliyefariki karibu mwaka 1013, aliandika kitabu cha tiba cha sehemu 30. Katika ile ya upasuaji alichora vyombo vyake, visu, koleo na sindano, ili mwanafunzi aone umbo lake. Kilitafsiriwa Kilatini huko Toledo, madaktari wa Ulaya wakakisoma kwa karne nyingi. Mwanachuoni Ibn Hazm alizaliwa Kurtuba mwaka 994. Ibn Rushd, kadhi na mfafanuzi wa vitabu vya Aristotle, alizaliwa hapo mwaka 1126. Musa bin Maimun, mwanachuoni mkubwa wa Kiyahudi, alizaliwa humohumo katika miaka ya 1130, akafia Misri.

Mmoja tunamjua hata sisi, maana tafsiri yake ya Qurani husomwa vyuoni mwetu: Imamu al-Qurtubi. Katika kitabu hicho, anapoeleza aya za mashahidi, anaingiza habari ya nyumbani kwake. Alfajiri ya tarehe 3 Ramadhani mwaka 627 Hijria, yaani 1230, watu wakiwa katika viwanja vya kupuria nafaka, adui aliwavamia ghafla. Katika waliouawa alikuwamo baba yake. Kijana akaenda kwa walimu wake kuuliza: baba aoshwe na kusaliwa kama maiti wengine, au azikwe kama shahidi wa vitani? Mas'ala ya fikihi tunayoyasoma kwa utulivu yeye aliyauliza akiwa na maiti ya mzazi wake nyumbani.

Kengele zinarudi

Dola ya makhalifa ilikwisha kuanguka zamani. Baada ya al-Mansur kufa mwaka 1002 na wanawe kufuatana, ilizuka fitina mwaka 1009. Madinat al-Zahra iliporwa na kuchomwa, ikaachwa ikiwa haijatimiza hata miaka 80, na kwa karne zilizofuata ikawa machimbo ya watu kuchukulia mawe. Mwaka 1031 ukhalifa ulifutwa. Wakaja watawala wa Murabitun kutoka Maghribi, kisha wa Muwahhidun.

Tarehe 29 Juni 1236 Kurtuba ilijisalimisha kwa Fernando wa tatu, mfalme wa Kastilia. Waislamu wakahama, al-Qurtubi naye akaelekea Misri, alikofariki mwaka 1273. Msikiti ukawekwa wakfu kuwa kanisa la Bikira Maria. Na zile kengele za Santiago zikashushwa, zikarudishwa kaskazini mabegani mwa mateka Waislamu. Miaka 239 ilikuwa imepita, na mzigo ulikuwa uleule.

Lakini Fernando hakulibomoa jengo. Warithi wake walijenga ndani yake madhabahu na makaburi, na moja ya makanisa madogo ya kifalme lilirembwa kwa plasta ya mtindo wa Kiislamu, kwa kuwa mafundi waliokuwako ndio waliokuwa mahodari.

Mwaka 1523

Sasa tunafika kwenye mwaka ambao, kwa maoni yangu, ndio unaostahili kukumbukwa kuliko yote katika tarehe hii.

Askofu Alonso Manrique alitaka kanisa refu la kisasa, na alitaka lisimame katikati kabisa ya nguzo. Hapo ndipo halmashauri ya mji ilipomkatalia. Wajumbe wake walikuwa Wakristo watupu, na Granada, dola ya mwisho ya Waislamu, ilikuwa imetekwa miaka 31 tu kabla. Hawakuwa na sababu ya dini wala ya siasa ya kuutetea msikiti. Hata hivyo walitoa tangazo kwamba mwashi, seremala au kibarua yeyote atakayegusa kazi ya kubomoa adhabu yake ni kifo, mpaka mfalme aamue. Hoja yao ilikuwa fupi: kinachobomolewa ni cha namna ambayo hakitawezekana kujengwa tena kwa ubora kilio nao. Askofu akawatenga na Kanisa. Wakasimama palepale.

Shauri likapelekwa kwa mfalme Carlos wa tano. Hakuwa amewahi kuliona jengo. Akampa askofu ruhusa. Alipopita Kurtuba mwaka 1526 akaona kazi ilivyoanza, na inasimuliwa kwamba alijuta, akasema wameharibu cha pekee duniani ili wajenge kinachopatikana popote. Kazi ikaendelea mikononi mwa ukoo mmoja wa mafundi: Hernán Ruiz babu, Hernán Ruiz mwana, Hernán Ruiz mjukuu. Ikamalizika mwaka 1607.

Mafundi hao nao wastahili haki yao. Kanisa lao ni zuri, refu, limejaa mwanga kutoka juu. Nao waliiacha sehemu kubwa ya msitu wa nguzo, 856 zingaliko. Mjukuu alipoukuta mnara wa Abdulrahman wa tatu ukiwa dhaifu, hakuuangusha wote. Alijenga mnara wa kengele kwa kuuzungushia ule wa zamani. Anayepanda leo kutazama mji anapanda ndani ya mnara mmoja uliovaa mwingine.

Vichochoro na nyua

Kaskazini na magharibi ya msikiti kuna mtaa wa Wayahudi wa zamani. Sinagogi lake dogo lilijengwa mwaka 1315, lina maandishi ya Kiebrania katika plasta iliyochorwa kwa mtindo wa Waislamu. Wayahudi walifukuzwa Uhispania mwaka 1492. Jengo likawa hospitali ya watu walioumwa na mbwa wenye kichaa, kisha likawa la chama cha washona viatu. Mwaka 1885 likatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Karibu na mto ipo ngome iliyojengwa na Alfonso wa kumi na moja mwaka 1328. Huko baharia Columbus alikutana na malkia Isabel na mfalme Fernando mwaka 1486, na huko mahakama ya Kanisa ya kuwasaka waliodhaniwa wamepotoka katika imani ilikaa zaidi ya miaka 300. Bustani zake ni nzuri, lakini mgeni asipite bila kuwakumbuka waliofungwa humo.

Nyumba za Kurtuba zimeupa mgongo mtaa na kufungua uso wake uani, kama nyumba za mawe za Lamu na Unguja. Kiangazi joto hupita nyuzi 40, kwa hiyo maisha huhamia uani, penye kisima, kivuli na maua. Mwaka 1921 mji ulianzisha mashindano ya nyua, ambayo sasa hufanyika mwezi wa Mei. Vyungu hutundikwa ukutani mpaka juu, na mwenye nyumba huvimwagilia kwa kopo lililofungwa kwenye ncha ya mwanzi mrefu: hulichovya kisimani, akaliinua taratibu, akaliinamisha chungu kwa chungu. Jasmini yao ni asumini yetu. Katika uwanja wa msikiti, ambapo watu walitia udhu, imepandwa midanzi kwa safu zinazofuata safu za nguzo ndani. Tunda lake ni chungu kama danzi la pwani, na neno lao naranja ni ndugu wa narinji letu. Alcalde wao, mkuu wa mji, ni kadhi aliyebadilisha kazi.

Leo

Msikiti uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1984, mji wa kale mwaka 1994, na magofu ya Madinat al-Zahra mwaka 2018; sherehe ya nyua iliingia mwaka 2012 katika orodha yake ya urithi usioshikika. Huko Madinat al-Zahra uchimbaji ulianza 1911, na sehemu kubwa ya mji bado imo chini ya udongo. Tarehe 8 Agosti 2025 moto uliwaka ndani ya msikiti, upande ule wa al-Mansur. Paa la kanisa dogo moja likaanguka. Wazimamoto waliudhibiti usiku uleule, na kesho yake milango ikafunguliwa.

Msafiri Ibn Battuta aliyeswali Kilwa mwaka 1331 alifika pia Andalusi, karibu mwaka 1350, akaiona Granada. Kurtuba ilikuwa imekwisha kutoka mikononi mwa Waislamu kwa zaidi ya miaka 100, na safari yake haikuifika. Leo njia iko wazi: treni ya kasi kutoka Madrid huchukua chini ya saa mbili. Uendapo, fika msikitini asubuhi na mapema kabla ya makundi, na usikimbilie mihrabu. Simama kwanza katika sehemu ya Abdulrahman wa kwanza, kwenye zile nguzo zisizolingana.

Kisha ukirudi nyumbani, nenda Kilwa Kisiwani, nenda Gedi, pita Lamu, ukaulize: hapa kwetu, nani atatoa tangazo lile la mwaka 1523? Wale wajumbe walishindwa, wakatengwa na Kanisa lao, na kanisa likajengwa. Lakini walisema kweli, na walisema kuhusu jengo ambalo babu zao hawakulijenga wala dini yao haikulihitaji. Sisi tunaachiwa yaliyojengwa na babu zetu wenyewe. Tuyalinde kabla hayajahitaji kutetewa.